Onyo likilia katikati ya mbio za kupaa: hatua za marubani na wahudumu wa ndege

Ndege ya abiria ikifika noti 140 inakula njia ya kurukia kiasi cha mita 72 kila sekunde. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kama kilomita 1.85.) Rubani akiuliza tu, "Hiyo taa ni ya nini?" na mwenzake akageuza macho kuitazama, urefu wa viwanja viwili vya mpira umeshapita chini ya magurudumu.

Kwa hiyo kazi ya kushughulikia onyo wakati wa kupaa haingoji onyo lilie. Inaanza mapema, breki ya kuegeshea ikiwa bado imefungwa. Hilo ndilo ninalowasisitizia wanafunzi kwenye simuleta (mtambo wa kuigiza urushaji) kuliko jambo jingine lolote: mkiwa kwenye mbio kazi yenu ni kutambua, maana shauri mlikwisha kulikata. Mwongozo huu ni kwa wanaojifunza urubani wa ndege kubwa, kwa wahudumu wanaotaka kujua kinachoendelea nyuma ya mlango uliofungwa, na kwa yeyote anayependa kuelewa kazi hii. Kitabu cha ndege yako na utaratibu wa shirika lako ndivyo vyenye neno la mwisho.

Hatua ya 1: Kateni shauri mkiwa mmesimama

Kabla ya kuondoka, rubani anayerusha humweleza mwenzake kwa sauti nini kitafanyika mambo yakiharibika. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba wengine huyatoa kama shairi la kukariri, midomo inakwenda na akili iko kwingine. Usikubali. Taja mambo ya safari hii: njia imelowa au ni kavu, upepo unatoka upande gani, ndege ni nzito kiasi gani, mlima uko wapi, na tukibaki na injini moja tunakata kona wapi.

Kisha semeni nani ana mamlaka ya kusimamisha ndege. Katika mashirika mengi uamuzi huo ni wa kapteni peke yake, hata kama rubani msaidizi ndiye anayerusha. Kazi ya rubani msaidizi ni kutaja anachokiona, wazi na kwa sauti. Kapteni akisema kusimama, ni kusimama. Akisema kuendelea, ni kuendelea. Hakuna mjadala mpaka mmesimama au mmepaa.

Halafu semeni mipaka ya kasi. Kwa Boeing mpaka wa kwanza ni noti 80, kwa Airbus ni noti 100. Chini ya hapo, jambo lolote lisilo la kawaida linatosha kusimama. Kutoka hapo hadi V1, mnasimama kwa mambo machache tu. V1 ikishapita, mnapaa.

V1 ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi huidhani ni kasi ya kuanza kufikiri. Sivyo. Ni kasi ambayo, kama mnasimama, mkono wa rubani uwe umeshaanza kurudisha throto (vishikio vya nguvu ya injini). Ukiisikia V1 ndipo uanze kujiuliza, umeshachelewa.

Hatua ya 2: Hakikisheni ndege imeandaliwa, na msiuamini ukimya

Onyo jepesi kulishughulikia ni lile ambalo halikuwa na sababu ya kulia. Maonyo mengi ya mwanzo wa mbio huletwa na maandalizi yenyewe: flapu (vipande vya bawa vinavyoshushwa kuongeza mnyanyuo) hazijashushwa kufika pake, trimu ya mkia (inayosawazisha pua) iko nje ya kiwango, kishikio cha breki za mabawani (vibao vinavyoinuka juu ya bawa) hakijarudishwa, breki ya kuegeshea imesahauliwa. Mara tu throto zinapoongezwa, honi au kengele inalia. Jibu ni moja: rudisha throto, simama, ondokeni njiani, tafuteni chanzo. Usisukume kishikio cha flapu huku ndege ikikimbia ili kuinyamazisha honi. Nimewaona watu wenye uzoefu wakinyoosha mkono kufanya hivyo.

Upande wa pili ni mbaya zaidi: honi iliyopaswa kulia na haikulia. Tarehe 16 Agosti 1987, ndege ya Northwest namba 255, aina ya MD-82, ilijaribu kupaa kutoka Detroit flapu zikiwa hazijashushwa. Mfumo wa onyo ulikuwa haupati umeme. Watu 156 walikufa, wawili kati yao wakiwa chini barabarani. Ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka minne. Miaka 21 baadaye, tarehe 20 Agosti 2008, MD-82 ya Spanair ilianguka Madrid kwa mtindo uleule: flapu hazikushushwa, onyo halikulia, watu 154 wakafa. Kwa hiyo flapu zikaguliwe kwa macho na kwa mkono kwenye kishikio, orodha ya ukaguzi isomwe yote bila kurukwa mstari, na aliyekatizwa katikati na redio aanze upya. Ukimya wa mitambo hauna maana kwamba mambo ni sawa.

Namba nazo zikaguliwe. Njia ikibadilishwa dakika za mwisho, V1, VR (kasi ya kuinua pua) na V2 (kasi salama ya kupanda injini moja ikifa) hubadilika, na nguvu ya injini iliyokokotolewa hubadilika pia. Tarehe 13 Machi 2014 huko Philadelphia, Airbus A320 ya US Airways, safari namba 1702, iliandaliwa kwa njia isiyo sahihi. Marubani walisahihisha njia kwenye kompyuta ya safari lakini hawakuziingiza upya kasi za kupaa. Mbio zilipoanza, onyo likawaambia throto hazijawekwa inavyotakiwa. Wakaendelea. Baadaye kidogo sauti ya kompyuta ikaamuru throto zirudishwe, sauti ambayo marubani wa Airbus huisikia wakati wa kutua, na hapo wakababaika kabisa. V1 haikutamkwa kwa sababu haikuwepo kwenye kioo. Kapteni aliinua pua, akahisi ndege si salama, akarudisha throto. Ndege ikajibwaga chini, gia ya magurudumu ya pua ikavunjika. Watu wote 154 walitoka salama, lakini tazama nafasi walizozipoteza: onyo la kwanza lilikuja mwendo ukiwa bado mdogo, pale ambapo kusimama kungekuwa jambo la kawaida kabisa.

Hatua ya 3: Anzeni mbio kila mmoja akijua mkono wake uko wapi

Rubani anayerusha anatazama nje na kuishika katikati ya njia. Anayefuatilia, yaani rubani wa pili, anatazama vipimo, nje kwa jicho moja tu. Nguvu zikishawekwa, kapteni anaweka mkono wake juu ya throto, hata kama si yeye anayerusha, kwa sababu yeye ndiye atakayezirudisha. Mkono huo unakaa pale mpaka V1 itamkwe, kisha unaondolewa wote. Hauachwi ukining'inia jirani.

Nasimama kidogo hapa. Mkono ulioondolewa kwenye throto hauwezi kuzivuta kwa mshtuko. Kwenye simuleta unamwona mwanafunzi mzuri kwa jambo hili: V1 inatamkwa, kiganja kinafunguka, mkono unahamia kwenye usukani. Anayeacha vidole viwili vikigusa throto, mpe hitilafu sekunde moja baadaye, utaviona vidole vile vikirudi nyuma kabla kichwa hakijafikiri chochote.

Kwenye noti 80 au 100 anayefuatilia anataja kasi kwa sauti na mwenzake anathibitisha. Watu huichukulia kama desturi tu. Kumbe kuna mambo mawili hapo: vipimo vya kasi vya pande zote mbili vinalinganishwa, na wote wawili wanajua kwamba kuanzia sasa masharti ya kusimama yamekuwa magumu. Mwenzako asipojibu, huenda amepoteza fahamu. Imewahi kutokea kwa marubani, ndiyo maana jibu linadaiwa.

Hatua ya 4: Chini ya mpaka wa kwanza, simameni bila kubishana

Taa ya manjano, mlio wa ajabu, harufu ya moshi, mtetemo, tairi kupasuka, ndege kuvutwa upande mmoja, mlango kuonyesha haujafungwa: simameni. Mwendo ni mdogo, njia iliyobaki ni ndefu, breki hazipati moto mwingi. Gharama yake ni kuchelewa tu. Usione aibu kwa sababu abiria watauliza maswali.

Angalizo moja. Kwenye Boeing 737, breki ya kujiendesha iliyowekwa kwa ajili ya kusimama wakati wa kupaa hushika kuanzia noti 90. Mkisimama chini ya hapo kanyageni breki wenyewe. Wapo waliokaa wakingoja ishike na ndege ikawa inajitembelea tu.

Hatua ya 5: Juu ya mpaka huo hadi V1, simameni kwa machache

Hapa ndipo akili ya binadamu inapopingana na hesabu. Nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza hukua kwa mraba wa kasi: ndege kwenye noti 160 ina mara nne ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye noti 80. Breki zinawaka, matairi yanaweza kupasuka, njia iliyobaki ni fupi. Wataalamu waliokusanya matukio ya ndege kuserereka nje ya njia baada ya kusitisha kupaa walikuta zaidi ya nusu zilianza kusimama V1 ikiwa imeshapita, na injini ndiyo iliyokuwa sababu katika sehemu ndogo tu. Nyingi kati ya ndege hizo zingeweza kupaa.

Kwa hiyo orodha ni fupi. Moto wa injini au moto mwingine wowote. Injini kufa au kupoteza nguvu waziwazi. Onyo la upepo unaogeuka ghafla mbele ya ndege. Na dalili kwamba ndege haitaruka: usukani umekwama, kidhibiti hakijibu, kitu kikubwa kimevunjika. Nje ya hayo, endeleeni. Taa ya manjano ya pampu ya haidroliki kwenye noti 120 mtaishughulikia angani mkiwa na muda, mafuta na njia nzima ya kutulia. Tairi likipasuka mkiwa karibu na V1 ni sababu ya kuendelea, maana magurudumu ndiyo yanayobeba breki ambazo ungezitegemea kusimama.

Waliotengeneza ndege wanalijua hili, ndiyo maana mitambo yenyewe hunyamazisha maonyo mengi kipindi hiki. Kwenye Airbus A320, mengi yasiyo ya haraka huzuiwa kuanzia noti 80 hadi futi 1,500 baada ya kupaa. Onyo likipenya kizuizi hicho, lichukue kwa uzito. Na mkifika futi 1,500 kisha ikalia kengele ya jambo lililoanza chini, msishangae.

Lugha ya anayefuatilia hapa ni jambo la uhai. Ataje kitu: "Moto injini ya kwanza." "Injini ya pili imekufa." Asiseme "Kapteni, kuna tatizo," wala "Mama yangu!" Neno lisilo na kitu ndani yake linamlazimisha kapteni kutazama vipimo mwenyewe, na kwa kufanya hivyo anaacha kutazama njia. Nililiona hili mara nyingi mno kwenye mazoezi: kitu kimoja kinachosemwa sawasawa kinaokoa sekunde mbili, na sekunde mbili ni mita 140.

Hatua ya 6: Mkisimama, simameni kwa nguvu zote

Kapteni anatamka kusimama na mikono inafuata papo hapo, kwa mpangilio usiobadilika: throto nyuma kabisa, mfumo wa nguvu wa kujiendesha uzimwe, breki mpaka mwisho, breki za mabawani zifunguke, rivasi (inayogeuza msukumo wa injini kupunguza mwendo) ivutwe. Kama ni rubani msaidizi aliyekuwa akirusha, kapteni anaichukua ndege hapohapo. Anayefuatilia anahakikisha breki za mabawani zimeinuka, kwa sababu hizo ndizo zinazoukandamiza uzito wa ndege kwenye magurudumu. Zikigoma anasema, na kishikio kinavutwa kwa mkono. Rivasi nayo anaitaja kama imefunguka pande zote mbili. Kasi ikishuka anataja noti 60, kisha anauambia mnara kwa sentensi moja.

Usilegeze breki kwa sababu unaona njia bado ipo. Na ukishaanza kusimama, usigeuze shauri ukajaribu kupaa tena. Kumbuka kwamba hesabu zilifanywa kwa kudhani umekanyaga mpaka ndege imesimama.

Ikishasimama, fungeni breki ya kuegeshea na mvute pumzi. Waambieni wahudumu na abiria wabaki kwenye viti mpaka mjue kuna nini. Bila tangazo hilo, abiria anayeona moshi dirishani ataamua mwenyewe, na atafungua mlango ulio upande wa injini inayozunguka.

Kama kuna moto, angalia upepo. Tarehe 22 Agosti 1985 huko Manchester, Boeing 737 ya British Airtours ilipata hitilafu ya injini ya kushoto ikiwa kwenye mbio. Marubani walisikia mshindo wakadhani ni tairi, wakasimama vizuri, wakakata kona kutoka njiani. Kona ile iliuweka moto upande unaotokea upepo, na upepo ule mdogo ukausukuma moto kwenye mwili wa ndege. Watu 55 walikufa, wengi kwa moshi, ndege ikiwa imesimama chini. Tangu hapo somo liko wazi: mkiwa na shaka ya moto, simameni palepale njiani, pua ikielekea upepo ikiwezekana. Njia kufungwa kwa saa mbili si hasara ya kuhesabu.

Baada ya hapo kuna joto la breki. Mbio zilizokatishwa kwenye kasi kubwa huziacha breki zikiwa na moto wa kutosha kuyeyusha vizibo vilivyowekwa kwenye magurudumu makusudi, ili hewa itoke taratibu tairi lisilipuke. Zimamoto waje kutoka mbele au nyuma ya magurudumu, si ubavuni. Msijaribu kupaa tena kabla muda wa kupoza ulioandikwa haujaisha.

Hatua ya 7: V1 ikishapita, rusheni ndege

Hapa pana ugumu wa aina nyingine. Onyo linalia, taa nyekundu inawaka usoni, na kazi yako ni kuendelea kana kwamba unaliahirisha. Mwili wote unataka kufanya kitu.

Tarehe 30 Julai 1992, TWA safari namba 843, Lockheed L-1011, ilikuwa ndiyo kwanza inaacha ardhi huko New York. Usukani ukaanza kutikisika, ishara kwamba ndege inakaribia kupoteza mnyanyuo. Rubani msaidizi aliyekuwa akirusha akamwachia kapteni ndege ghafla, na kapteni, akiwa na sekunde moja ya kufikiri, akaishusha tena kwenye njia. Ndege ilijibwaga kwa kishindo, ikatoka njiani, ikateketea. Watu wote 292 walitoka hai, na wahudumu wale wanastahili heshima isiyopungua. Uchunguzi ulionyesha onyo lilikuwa la uongo: kihisio kimoja cha pembe ya bawa kilikuwa kibovu. Kasi ilikuwepo, injini tatu zilikuwa zinavuta, na ndege ilikuwa inapanda. Kama mmoja wao angetazama kasi na pembe ya pua kabla ya kukabidhiana usukani, wangeliona hilo.

Kwa hiyo: VR inatamkwa, inua pua kwa utulivu, kama nyuzi tatu kila sekunde. Injini ikiwa imekufa, shika mwelekeo kwa mguu kwanza. Pua itavutwa kuelekea injini iliyokufa, ikanyage pedali ya upande wa injini iliyo hai mpaka inyooke. Tafuta V2 na uishike. Anayefuatilia akiona altimita (kipimo cha urefu) inapanda anataja, magurudumu yanapandishwa. Kelele ya kengele inaweza kuzimwa kwa kubonyeza kitufe, basi. Hadi futi 400 hakuna swichi nyingine ya kuguswa.

Ipo hali moja tu ya kusimama baada ya V1, nayo ni ndege isiyoweza kuruka kabisa. Tarehe 8 Machi 2017, MD-83 ya Ameristar ilikuwa inapaa kutoka uwanja wa Willow Run, Marekani. Kapteni alivuta usukani kwenye VR na pua haikuinuka. Kibawa cha mkiani kilikuwa kimekwama, kimeharibiwa na upepo mkali ndege ikiwa imeegeshwa. Kasi ilikuwa imeipita V1 kwa mbali. Akasimamisha. Ndege ilitoka nje ya njia na kuharibika, lakini watu wote 116 walipona. Mwenzake aliyekuwa akimsimamia alishtuka, ila hakumpokonya usukani, na wachunguzi waliwasifu wote wawili. Tofauti na TWA ni hii: hapa kapteni alikuwa ameshavuta na ndege imekataa, kule ndege ilikuwa angani na inapanda. Taa haikuambii kwamba ndege haiwezi kuruka. Ndege yenyewe ndiyo inayokuambia, kupitia mikono yako.

Hatua ya 8: Futi 400 na kuendelea, polepole na kwa macho mawili mawili

Mkipita futi 400 na ndege ikiwa imetulia, anayerusha anauliza: "Tuna nini?" Anayefuatilia anasoma alichokiona. Wote wawili wanatazama. Kisha ndipo hatua za kukariri zinaanza, moja baada ya nyingine.

Kwa moto wa injini, mpangilio unafanana kwenye ndege nyingi: throto ya injini husika irudishwe, mafuta ya injini hiyo yakatwe, kishikio cha moto kivutwe au kibonyezwe, chupa ya kuzimia moto ifyatuliwe. Kwenye Boeing, taa ikiendelea kuwaka baada ya sekunde 30, chupa ya pili inafuata. Airbus huacha sekunde 10 kabla ya chupa ya kwanza. Kila kishikio kisichorudishika kinashikwa kwanza, mwenye mkono anataja "injini ya kwanza," mwenzake anatazama kidole kimegusa nini na kujibu "ndiyo, ya kwanza," ndipo kinavutwa.

Mtu anayeona huo ni urasimu na aisome TransAsia safari namba 235. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ilitoka Taipei, na kabla hata dakika moja haijapita tangu iache ardhi onyo likasema injini ya pili imezimika. Kapteni akarudisha throto ya injini ya kwanza, ile iliyokuwa nzima, na hatimaye injini hiyo ikazimwa. Kosa likatambuliwa ndege ikiwa chini mno. Watu 43 walikufa na 15 wakapona. ATR imethibitishwa kupanda na injini moja, na moja nzima walikuwa nayo. Walichokosa ni sekunde tano za kuangaliana.

Nakuomba ulichukue hili: hakuna moto wa injini unaodai mkono wako ndani ya sekunde tatu. Injini imening'inizwa nje ya bawa na kuzungushiwa kuta za kuzuia moto kwa ajili ya siku hiyo. Kuchelewa sekunde kumi kunavumilika. Kuzima injini nzima hakuna atakayekusamehe, wala hutapata nafasi ya kujisamehe.

Hatua za kukariri zikiisha, pandeni hadi urefu mliopanga, ongezeni kasi, kunjeni flapu, kisha orodha ya ukaguzi isomwe kutoka kwenye kitabu. Mnara unaambiwa mkiwa na nafasi: Mayday, jina la safari, tatizo, mnachotaka. Mwongoza ndege akiwauliza maswali mkiwa na kazi mikononi, neno "subiri" linatosha.

Hatua ya 9: Wahudumu, kazi yenu imeshaanza

Kwenye kiti chenu karibu na mlango, wakati injini zinapandisha sauti, kuna ukaguzi wa kimya wa kichwani. Niko mlango gani, nauvutaje, dirisha langu linaonyesha nini, nani kati ya abiria hawa ana nguvu na nani atahitaji kushikwa mkono. Mhudumu aliyeufanya huo ukaguzi anajulikana. Amri inapotoka, mkono wake unaenda kwenye kishikio bila kupapasa.

Mkiona moto au moshi wakati wa mbio au mara baada ya kuacha ardhi, kumbukeni kwamba mbele wana mikono iliyojaa. Fuateni utaratibu wenu kuhusu lini mpige simu ya ndani. Mkipiga, semeni kama marubani wanavyosemeshana: upande, injini, mnachokiona. "Miali ya moto, injini ya kushoto, inatoka nyuma." Kushoto na kulia ni kwa mtazamo wa rubani, si kwa mtazamo wako uliyekaa umegeukia mkia.

Kapteni atakapowaita kuwaeleza, atawapa mambo manne: tatizo ni nini, tunafanya nini, dakika ngapi zimebaki, na kuna jambo gani la pekee. Rudieni kwake mlichosikia, hasa zile dakika. Wahudumu waliodhani wana dakika kumi na tano kumbe ni tano hawatakuwa wamewafunga abiria mikanda.

Abiria nao waambiwe mapema, hata sentensi mbili. Kimya kutoka mbele, injini ikiwa imebadilisha sauti, kinawatisha kuliko ukweli.

Hatua ya 10: Mkishasimama, linda ushahidi

Ndege ikishaegeshwa na watu wako salama, andikeni kwenye kitabu cha mafundi onyo lililolia, kasi iliyokuwepo, nguvu ya injini, na kama lilizimika lenyewe. "Taa iliwaka wakati wa kupaa" haimsaidii fundi. "Taa ya moto, injini ya pili, iliwaka noti 125, ikazimika throto ziliporudishwa" inamwonyesha pa kuanzia. Huenda ni bomba la hewa moto linalovuja karibu na kihisio. Kihisio cha ile ndege ya TWA kilikuwa na historia ya kusumbua kwa vipindi, na kila mara kilirudishwa kazini.

Mwisho, kinasa sauti cha chumba cha marubani. Vinasa vingi vya zamani huhifadhi dakika 30 au saa mbili tu, kisha hujifuta kwa kurekodi juu yake, na vinaendelea kurekodi maadamu kuna umeme. Kama tukio ni kubwa, hakikisheni umeme wake umekatwa kwa utaratibu unaoruhusiwa kabla hamjatoka kwenye viti, na andikeni mlichokumbuka, kila mmoja peke yake, kabla hamjaanza kusimuliana.